Vidole Viwili vya Kaka Nikodemo

Bwana Mshauri,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Mbozi, sisi tu wazima isipokuwa baridi na shida yangu hii ninayokuletea, na nakusihi usinicheke kwanza, nisome mpaka mwisho ndipo ucheke kama utataka. Mimi naitwa Asajile, ni seremala katika shamba moja la kahawa karibu na Mlowo, mke wangu ni Marta, tunapendana, sina ugomvi na mtu, kinachoninyima usingizi ni mchezo wa gofu.

Wazungu wa kahawa walijikatia kiwanja hapa kwetu, nyasi fupi katikati na mibuni pande zote, na kuzunguka mashimo wamemwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari, na Jumamosi jioni wao wakishamaliza wanaturuhusu sisi watumishi kucheza kwa fimbo zao kuukuu. Aliyetuanzishia mchezo huu ni kaka yangu Nikodemo, wa baba mmoja mama mmoja, na nikikueleza habari zake utadhani natia chumvi, lakini kila neno ni kweli. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, akanifundisha kushika randa na msumeno, akanipeleka kanisani, akanitafutia mke. Kisha mashine ya kumenya kahawa ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, watu wakasema basi, huyo hatashika tena kitu cha maana, naye mkono ulipopona akashika jembe, akashika nyundo, na mwisho akashika fimbo ya gofu akaipiga kuliko wote wenye vidole kamili. Mpira wake ukitoka unanyooka kama uzi wa fundi, wazungu wenyewe husimama kumtazama, nami mdogo wake nikimwona pale najiona mrefu kuliko nilivyo.

Sasa sote tuliojifunza kwake tunashika fimbo kama yeye, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto tunavikunja ndani, mguu wa kulia tunaurudisha nyuma, maana ndivyo asimamavyo yeye, na imekuwa ndiyo desturi ya hapa kwetu, hata mgeni akija akishika kwa vidole vyote tunasema huyo bado hajafundishwa. Mimi nimefuata kila kitu, hata namna anavyokohoa kabla ya kupiga, lakini mpira wangu ukitoka unaanza vizuri, halafu unapinda kulia kama umeitwa na mtu, unaingia kwenye mibuni, na watu wamezoea, nikisimama tu wa upande ule wanahama.

Ningevumilia, lakini Jumatatu ya Pasaka tunashindana na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, kwenye uwanja uliofyekwa karibu na Tunduma, na kaka goti lake limeharibika, hawezi tena kutembea kiwanja kizima, akasimama mbele ya wenzetu wote akasema nafasi yake anampa Asajile, na fimbo yake pia akanikabidhi. Bwana Mshauri, sijawahi kupewa heshima kama ile. Lakini wenzetu wameanza kunong'ona kwamba mpira ukiendelea kupinda nafasi apewe Tuntufye, kijana aliyerudi kutoka migodi ya shaba na suruali pana na "mukwai", yaani bwana kwa lugha ya kule, kila baada ya neno, yeye anashika kwa vidole vyote na mpira wake unanyooka, na juzi amenivuta pembeni akasema atanifundisha kwa siri. Nikishika kama Tuntufye mbele za watu, si nitakuwa nimemkana kaka yangu aliyenilea? Na nisiposhika hivyo, si nitamwaibisha kule Tunduma nikiwa na fimbo yake mkononi?

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Siku hizi tukisimama kupiga, kaka hugeuza uso, hatutazami. Jumamosi iliyopita nilimfuata nikamwuliza kosa langu ni nini, akanitazama mikono, akasema, "Wewe si mimi, mdogo wangu," akaondoka zake akichechemea. Maneno hayo yamenikaa kifuani, maana ni kweli mimi si yeye, lakini sikutegemea kuambiwa na yeye mwenyewe. Marta anasema niende nikamwulize vizuri nyumbani kwake, nikamjibu mwanamke hajui gofu. Niambie basi, nikaze mikono zaidi, au nibadili miguu, au nimrudishie kaka fimbo yake kabla sijamtia aibu?

Ni mimi,
Asajile, Mbozi

JIBU

Asajile, nilicheka. Uliniomba nisubiri mpaka mwisho, sikuweza. Nilipofika pale wanaume wazima, mafundi na madereva, wamejipanga kiwanjani kila mmoja amekunja vidole viwili vizima ambavyo hakuna mashine iliyovigusa, chai ilinipalia. Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili, na safari hii sikucheka hata kidogo.

Mimi mchezo huo nauona kwa mbali tu, kwa hiyo nilimpelekea barua yako Bwana Luka, rafiki yangu anayeucheza tangu ujana. Alisoma, akaomba nimpe fimbo ya ufagio, akakunja vidole vyake kama mnavyofanya ninyi, akajaribu, akatikisa kichwa. Anasema kaka yako ni mtu wa kuvuliwa kofia. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyobeba fimbo, naye amebaki na kimoja tu katika hivyo, kile cha kati. Fimbo ilitaka kumgeukia mkononi, akaitafutia dawa miguuni, ndiyo maana anaurudisha nyuma mguu wa kulia. Hakufundishwa na mtu. Alikaa na mkono wake uliobaki akauchunguza mpaka akajua unataka nini.

Wewe je? Wewe umeiga jeraha. Kwake pale mpini unapita wazi kwa sababu vidole havipo. Kwako vipo, bwana, umevikunja chini ya mpini kama kabari mbili, na wewe seremala unajua kabari inafanya kazi gani. Vinausukuma mpini, fimbo inageuka wakati wa kupiga, mpira unakimbilia kulia. Ukikaza zaidi utazidisha tu. Hakuna mtu aliyeuita mpira wako kwenye mibuni, ni wewe unayeutuma.

Haya, fungua vidole. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto, mpini ulale kwenye mashina ya vidole, usiuzamishe kiganjani kama wa nyundo. Kidole gumba kikae juu ya mpini, kiegemee kulia kidogo. Mkono wa kulia ufuate chini yake, kiganja chake kilifunike lile gumba la kushoto, na kidole chake kidogo kipande juu ya kidole cha shahada cha kushoto, ili mikono yote miwili ifanye kazi moja. Wala usikamue. Shika kama unavyomshika kifaranga ukimhamisha, asikutoroke na asikufie mkononi.

Miguu nayo uitanue kiasi cha mabega, magoti yalegee kidogo, usikalie visigino. Mbao unazo, usiniambie huna. Laza ubao chini mbele ya vidole vya miguu, uelekee sambamba na njia unayotaka mpira uishike, miguu yote miwili iuguse, kisha nyonga na mabega vifuate ubao huohuo. Ule mguu wa nyuma mwachie mwenyewe, ni dawa ya ugonjwa usio wako. Piga taratibu kwanza, bila kutaka sifa. Luka anasema siku za mwanzo utajiona umeshika vibaya kuliko zamani, na mpira mwingine utakataa hata kuondoka chini. Vumilia, mikono ikishazoea itakutii.

Hayo ni ya gofu, na ni mepesi. Sasa sikiliza yaliyonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Unasema kaka yako anageuza uso, nawe umejiambia anaona aibu kwa ajili ya mpira wako. Asajile, umekaa naye maisha yako yote na hili hulioni? Kila Jumamosi mtu huyo anafika kiwanjani, mahali pekee ambapo watu hutazama mpira wake na kuusahau mkono wake, na anakuta nini? Safu ya wanaume wamekunja vidole viwili. Ninyi mnaona heshima. Yeye anaiona ile mashine, kila Jumamosi, kwa idadi ya watu waliosimama. Angewaambiaje mfungue, bila kuunyanyua mkono wake mbele yenu na kueleza? Amenyamaza kwa sababu anajua mnampenda. Na wewe ulipomfuata, akakutazama mikono, hukuandika hivyo mwenyewe? Akakuambia, wewe si mimi. Hiyo haikuwa dharau. Lilikuwa ni somo lako la gofu, amelisema kwa upole wote aliokuwa nao, nawe ukaenda nalo nyumbani ukalilia.

Kwa Tuntufye usiende. Mshiko wake sina ubaya nao, ni huohuo niliokueleza hapo juu, na kijana mwenyewe inaonekana ana moyo mzuri pamoja na suruali zake. Ubaya uko kwenye hiyo siri. Ukijifunza kwa kificho, kaka yako atakuja kuuona mkono wako mpya Tunduma, mbele za watu, na atadhani ulimwonea aibu. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, nyumbani, si kiwanjani, na fimbo yake mkononi. Shika kwa vidole vyako vyote mbele yake, na umwambie, "Kaka, ulinifundisha mkono wako. Sasa nitazame wangu." Halafu nyamaza. Mtu aliyeweza kuufundisha mkono wenye vidole vitatu, huo wako wa vitano hautamshinda.

Nafasi usiirudishe, wala fimbo. Hakukupa kwa sababu unapiga kama yeye, maana alikuwa ameshauona mpira wako na mibuni yote ya shamba ni shahidi. Alikupa kwa sababu ni wewe.

Mkishamaliza, waambie na wenzako wafungue vidole. Usiwahutubie. Shika tu hivyo mbele yao, na Nikodemo akiwa amesimama karibu yako, watafuata wenyewe, ninyi si ndio zenu kufuata. Wapo watakaosema desturi ya hapo kwenu imeharibiwa. Waache waseme.

Na Marta umwombe radhi. Hajui gofu, ni kweli, lakini jibu alikuwa nalo kabla yako, yangu, na ya Luka.

Jumatatu ya Pasaka ukisimama pale Tunduma, weka miguu yako sawa, shika kifaranga chako, piga. Watu wote watageuka kuutazama mpira umekwenda wapi. Wewe usiutazame. Mtafute kaka yako ukingoni mwa uwanja, uone kama safari hii amegeuza uso.

Mshauri wenu