Fundi wa Sitaha ya Tatu

Kituo cha Kusahihishia Mitihani,
Jumanne asubuhi.

Mama yetu mpendwa, uliye juu ya wote kikaoni, Baba Mkubwa, mwenyekiti wetu, Shangazi, ambaye bila shaka umekwisha kukamata kiti cha karibu na mlango, wadogo zangu, nanyi wakwe mliotuvumilia miaka yote hii: nawasalimu kwa heshima. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata wale mlioniamkia kimoyomoyo.

Mama, goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo yamesoma insha mia nne juu ya faida za kuamka mapema, zote zimeandikwa na watu waliochelewa kuamka. Tangu Jumapili haturuhusiwi kutoka hapa hadi Ijumaa, ndiyo maana nimemwomba Nesi, mdogo wangu, awasomee barua hii kwa sauti. Namwomba pia asiruke mstari, hata akifika mahali atakapotamani kuruka.

Mlinituma niandike maneno ya jiwe la kaburi la Baba, na fundi wa mawe anayangoja leo. Nimeyaandika. Lakini kabla ya kuyasoma, nivumilieni niwape habari iliyonifanya nishindwe kumaliza chai tangu Jumamosi. Natabasamu peke yangu juu ya insha za watu, na msimamizi wetu amekwisha kuniuliza mara mbili kama nina homa.

Wakwe wapya huenda hawajui ugonjwa wangu. Mimi hukusanya sanamu ndogo za plastiki, zenye urefu wa kidole, za watu wa filamu za safari za anga. Simaanishi mashujaa, mashujaa wana watu wao. Nawakusanya wale wa pembeni: mpishi wa chombo aliyeonekana akimenya kitu kisichojulikana; karani wa sayari aliyegonga muhuri mmoja akatoweka; mlinzi aliyeuliza ni nani huko, akafa kabla ya kujibiwa. Ninao mia moja arobaini na watatu, kila mmoja ndani ya kasha lake, na hakuna kasha lililowahi kufunguliwa. Kwetu wakusanyaji, anayefungua kasha hutazamwa kama mtu aliyechana kitabu cha maktaba. Nesi huwaita wapangaji wangu, na kila akija huniuliza kama wamekwisha kula. Shangazi aliwahi kunishauri, mbele ya mkwe, kwamba mtu mwenye shahada mbili akikosa wa kucheza naye ni bora aongeze watoto. Nilicheka pamoja nanyi. Sikuwaambia nilikuwa namtafuta nani.

Jumamosi nimempata. Mwenzangu mmoja katika ukusanyaji, daktari wa meno mstaafu, alinitumia ujumbe kwamba anaye Fundi wa Sitaha ya Tatu, kasha zima, kona moja tu imebonyea. Ila hamtoi mpaka nimpe karani wa sayari na walinzi wangu wote wawili. Aliniuliza kama nahitaji siku ya kufikiri. Nilifika kwake kabla hajaweka simu chini. Alinitazama nilivyolikumbatia lile kasha, akasema katika miaka yake yote ya kung'oa meno hajaona mtu mzima akilia bila kuguswa.

Sasa tumrudie Baba. Mnakumbuka ule mwaka wapiga filamu walipokikodi kiwanda cha vioo kilichofungwa, wakakigeuza kuwa chombo cha anga. Baba aliitwa kurekebisha mabomba yaliyokuwa yakivuja juu ya taa zao. Alirudi siku hiyo akasema mwongozaji alimwona anavyoshika spana, akamvika ovaroli la fedha na kofia yenye kioo, akamwambia afungue koki mbele ya kamera kama anavyofungua kila siku. Baba alisimulia mara moja tu, kwa maneno machache: alifungua koki, chombo kizima kikapumua.

Hakuna aliyemsadiki. Filamu ilipofika mjini, kikakaliwa kikao kama hiki, Baba Mkubwa ukiwa mwenyekiti vilevile. Mama alikuwa na Nesi wa siku tisa mapajani. Baba alisema hana haja ya kwenda kujitazama, kwani yeye alikuwepo. Ikaamuliwa nitumwe mimi, msomi wa nyumba, niliyeijua lugha ya filamu, na neno langu liwe la mwisho. Nilirudi nikasema sikumwona. Tangu siku ile Baba akawa Bwana Sinema. Akichelewa mezani, tunaambiana tumpishe nyota apite. Akiteleza bafuni, tunamuuliza kama kamera ilikuwa tayari. Alikuwa akitabasamu na kuendelea kula, miaka thelathini na minne, hadi tulipomzika.

Sanamu niliyoipata Jumamosi, ya fundi wa filamu ileile, iko ndani ya kifurushi kilichokuja na barua hii. Nimeichunguza kwa lenzi kupitia dirisha la kasha. Spana iko mkono wa kushoto. Mpini wake umezungushiwa kitambaa, na mchongaji, Mungu ampe maisha marefu, hakukidharau: amekipaka rangi ya kijani, na juu ya kijani mistari myeupe miwili, myembamba kama unywele. Mama, wewe unajua ni pazia gani la jikoni lililokatwa kona likawa kishikio cha spana, maana ulimnunia Baba siku tatu kwa sababu yake. Fundi gani mwingine duniani alikuwa na pazia lako?

Hapa ndipo Nesi atakapotaka kuruka. Asiruke.

Mimi sikuhitaji lenzi. Nilimwona Baba siku ileile, katika jumba la sinema, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimtambua kwa bega kabla hajageuka. Alifungua koki kwa mkono wa kushoto, kwa utulivu wake uleule, na nikajikuta nimejiinua kitini kwa fahari. Kisha mvuke ukamrusha, akapepesuka, akaanguka kwa makalio, jumba zima likaangua kicheko. Nyuma yangu walikaa wenzangu wa darasani. Mmoja akauliza yule mjinga ni baba wa nani. Nikacheka kwa sauti kuliko wote. Na nilipofika nyumbani, mbele yenu nyote, nikasema sikumwona.

Baba alinitazama. Nadhani alijua. Akasema, "Basi, huenda walinikata." Akaniondolea uongo mikononi akaubeba yeye, na hakuutua tena.

Ile filamu ilionyeshwa juma moja ikaondoka, na sijapata kuiona tena mahali popote. Ningaliweza kusema ukweli siku yoyote kwa mdomo mtupu. Nilijidanganya kwamba nahitaji ushahidi kwanza, nikautafuta miaka ishirini na sita, tangu niliposikia kuna sanamu za filamu ile, huku Baba akizeeka chumba cha pili. Ushahidi umekuja, yeye ameondoka. Nafurahi mno, na naona aibu mno, na sijui vinakaaje katika kifua kimoja.

Kwa hiyo, mheshimiwa mwenyekiti, naleta haya mbele ya kikao. Mama alifungue kasha hilo kwa mkono wake, sasa hivi. Mimi mwenye kasha nimeruhusu, na wakusanyaji wenzangu watanisamehe wakipenda. Jina la Bwana Sinema lisitamkwe tena kwa kicheko. Na jiwe, chini ya tarehe zake, lichongwe hivi: Fundi bomba na mwigizaji. Alisema kweli.

Mkiona mwandishi hafai, mwondoeni mwandishi, maneno yabaki. Nesi ampigie simu fundi wa mawe kabla hamjanyanyuka vitini.

Wapeni watoto salamu zangu, na goti la Mama lipakwe dawa asubuhi na jioni. Ijumaa nitakuja kusimama mbele yenu, na lolote mtakaloniambia nitalipokea.

Ni mimi mwanenu wa kwanza, niliyemwona,

Mwalimu.