Mguu Usiojua Breki Iko Wapi

Alhamisi. Asubuhi mvua, mchana jua kali, sasa mawingu tena. Miguu inawaka. Kichwa kimetulia, na hilo linanishangaza.

Leo sikuendesha pikipiki. Wala kesho sitaendesha. Naliandika hilo kwanza nisije nikalizunguka.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nimekaa muda mrefu kuliko nilivyodhani nitakaa. Kazi yangu ni boda, kutoka Base Camp, katikati ya kambi, kwenda vijijini. Ninaishi na virusi vya UKIMWI, na dawa nilianza kumeza kabla binti yetu Rachel hajazaliwa. Sasa Rachel ananifikia begani. Mke wangu Denise alijua tangu mwanzo, yeye hana. Damu yangu ikipimwa, virusi havionekani. Kwa karatasi mimi ni mzima.

Miguu haijazisoma hizo karatasi.

Ilianza vidoleni, kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Kisha ikawa moto: shuka likigusa nyayo, nalitupa pembeni. Baadaye ikaja hali nyingine ambayo sikuiogopa kwa sababu haina maumivu. Nyayo zilianza kupotea. Nikikanyaga, ardhi iko mbali, kana kwamba nimevaa soksi nene ambazo sikuzinunua popote.

Mguu uleule unaungua na umekufa ganzi. Sikujua kwamba inawezekana.

Nitakiri jambo. Siku za karibuni niliwaza kuacha dawa. Sikuziacha, lakini kila jioni nilikitazama kidonge na kujiuliza kama ndicho kinachonichoma. Hata Denise sikumwambia.

Wiki iliyopita nilimbeba Mama Générose, mjane wa Kirundi anayeuza maharage sokoni Base Camp. Tulikuwa tunapanda kilima aliponigonga begani.

"Kandambili yako imebaki kule nyuma."

Nikaangalia. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, nami sikuwa na habari. Tuligeuza, tukaiokota. Yeye akacheka, na mimi nikacheka.

Tulipoanza kuteremka, ng'ombe wakaingia barabarani, wale wa pembe ndefu, mchungaji haonekani. Nikakanyaga breki. Pikipiki haikupunguza mwendo. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, hola. Nilipotupa jicho chini, mguu ulikuwa unasukuma chuma cha kuwekea mguu. Breki ilikuwa pembeni yake, haijaguswa. Nikabana breki ya mkono, tairi la mbele likateleza kwenye changarawe, tukaishia majanini.

Ng'ombe walipita taratibu. Wala hawakugeuka.

Mimi nilichubuka kiwiko. Mama Générose alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wake wa kushoto, na maharage yake yametapakaa mpaka barabarani.

"Ulilala?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mguu haukusikia breki iko wapi."

Aliutazama mguu wangu. Aliposema tena alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Bwana yangu naye ilikuwa hivyo. Mara moto, mara kama mguu wa mbao."

Niliuvuta mguu nyuma.

"Alisema ni dawa inamuchoma. Tuligombana mingi. Nilimuambia unatafuta sababu ya kuacha. Akaacha kweli. Hakumaliza mwaka."

Kwa maneno hayo alikuwa ameniambia mume wake alikufa na nini. Na mimi, bila kufungua mdomo, nilikuwa nimemwambia ninaishi na nini. Tuliokota maharage. Mkono wake ulikuwa unavimba, kwa hiyo aliokota kwa mmoja tu.

"Enda uulize," alisema. "Usiamue peke yako."

Nilimrudisha kwake kwa miguu, nikiikokota pikipiki.

Kliniki ya Base Camp walinitazama, wakanituma hospitali Mbarara. Jana tukaenda, mimi na Denise.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Mnyankole, na Kiswahili chake ni kile cha kujifunza kwa askari. Alinipima sukari. Akauliza kuhusu pombe, kuhusu dawa za kifua kikuu, na kuhusu dawa za virusi nilizoanza nazo miaka ile. Nilipozitaja, aliguna. Kisha akaniambia nilale na kufumba macho.

"Mimi nagusa mguu, wewe nasema ndiyo. Sawa, ssebo?" Ssebo kwao ni bwana.

"Sawa."

Nikangoja. Nilisikia feni. Nilisikia mtu akikohoa nje ya mlango. Nikaendelea kungoja.

"Daktari, unaanza saa ngapi?"

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshamaliza, pini bado iko mkononi mwake, na Denise alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nimeuona uso wa Denise katika vita, njiani, na alipojifungua. Ule wa jana sikuwa nimeuona.

"Virusi nyewe naharibu mishipa ya kusikia," daktari alisema. "Na ile dawa ya zamani, ile ya kwanza, nayo ilikuwa naharibu. Siku hizi hatupeani hiyo. Hii unakula sasa si ile."

"Kwa hiyo niache?"

"Hapana! Ukiacha, virusi narudi na nguvu. Nakula mishipa, nakula wewe yote."

"Nitapona?"

"Moto, naweza punguza, dawa yake iko. Lakini kusikia, siwezi danganya wewe. Pengine haitarudi." Alianza kuandika, kisha akainua kichwa. "Kazi yako gani?"

"Boda."

Aliweka kalamu chini.

"Ssebo, hapana."

Sikubishana naye. Ningebishana kwa lipi?

Tulikula mtaa wa Nyamityobora, hukohuko Mbarara, katika hoteli ndogo iliyotazamana na mafundi wa vitanda. Yaani tuliagiza matoke na maharage, kisha tukayatazama.

"Baba Rachel," Denise alisema, "mimi na mutoto tulikuwa tunapanda nyuma yako kila tukienda ku kanisa."

"Najua."

"Sikugombeze. Niko nasema tu."

"Najua."

Alisogeza kiti, akaninyooshea mkono chini ya meza na kunishika goti. Hapo bado nasikia. Nilimwambia basi, kuhusu kile kidonge na yale mawazo ya kila jioni. Aliniambia aliyajua, kwa sababu nilikuwa nakishika kidonge muda mrefu kuliko zamani.

Leo asubuhi shemeji yangu alikuja, nikampa ufunguo. Ataendesha yeye. Mimi nitakaa pale pale kwenye stendi yetu, niwe naziba pancha na kufunga minyororo. Vidole vya mikono bado vinasikia. Nimevijaribu kwa sindano ya Denise kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kimelalamika. Wenzangu wa stendi wameuliza kwa nini. Niliwaambia miguu inaumwa. Wengine walinyamaza kwa namna ambayo inaonyesha wanajua. Sina nguvu ya kulishughulikia hilo leo.

Mchana nikaenda sokoni kwa Mama Générose. Mkono wake umefungwa bandeji, haukuvunjika. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Walisema nini?"

Nikamweleza yote, mpaka lile hapana la mwisho.

"Kumbe dawa haichome mutu?"

"Hizi za sasa, hapana. Zile za zamani, ndiyo. Zilikuwa zinaharibu mishipa."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Basi hakuwa anasema uongo."

"Hapana, mama. Hakusema uongo."

"Na kama angeenda kuuliza, wangemubadirishia?"

Ningeweza kusema sijui. Mimi si daktari, na mume wake sikumfahamu. Lakini mimi mwenyewe nilibadilishiwa dawa miaka hiyohiyo alipokufa yeye, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo.

"Ndiyo," nilisema. "Nafikiri wangembadilishia."

Alirudi kuchambua, mawe huku, maharage huku. Mteja alikuja, akapimiwa, akaondoka. Nilianza kuaga ndipo aliposema, bila kuinua uso:

"Batoto yake banazani baba yao alikuwa mukaidi. Mimi ndiye nilibaambia hivyo. Leo bakitoka masomo nitabaambia ingine."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole, macho chini.

Sijui kama nilimtendea wema. Mtu aliyegombana na marehemu miaka yote hii, leo nimempa mzigo mwingine abebe na mkono mmoja mbovu, na huo mkono nimeuharibu mimi. Labda ningenyamaza. Labda angeniuliza tena kesho, na keshokutwa.

Denise anapika. Rachel ameniletea beseni la maji na kioo kidogo, kwa sababu daktari ameagiza nyayo zikaguliwe kila siku, zisije zikapata kidonda nisichokijua. Ameinama, anatazama kati ya vidole vyangu kwa makini sana.

"Hapa umejikata, papa," ameniambia sasa hivi. "Unasikia?"

Sisikii. Nimemwambia aoshe.