Ghala Lenye Watu

Jumanne, 6 Mei

Chai, mkate wa jana, orodha ya maombi ya vibali. Kila Jumanne hivyo hivyo, mwaka wa ishirini na moja sasa. Wenzangu gazetini huisoma pakibaki nafasi ya kujaza. Mimi huanza nayo. Mambo makubwa ya Tottenham, mtaa wetu huu wa London, huanza kwa lugha ya kuchosha.

Leo, ukurasa wa tatu: kampuni ya kuhifadhi data inaomba kibali cha injini sita za dizeli za kuzalisha umeme wa dharura. Mbili zipo tayari, nne mpya. Zitawashwa umeme ukikatika, na wakati wa majaribio. Mwisho wa kupokea maoni ya wananchi ni Jumatatu ya tarehe 19.

Kurasa mia moja na kumi na mbili. Nimezisoma zote. Kuna ramani inayoonyesha moshi utaelekea wapi, na nukta ya bluu kila mahali penye watu: nyumba, shule, zahanati. Nukta kumi na tatu. Jengo la karibu kuliko yote, mita kumi na nane kutoka kwenye mabomba ya moshi, halina nukta. Limeandikwa "ghala".

Nalijua ghala hilo. Kila Jumatano nakula pale.

Jua halikuzama mpaka saa mbili na nusu. Nimefua mashuka.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimekwenda na daftari.

Nje ni ghala kweli: mabati, mlango wa kupandisha kwa mnyororo, namba 6. Ndani ni kanisa la Waswahili. Jumapili ibada, Jumatano chakula cha mchana cha wazee. Mimi Mwislamu wa Tanga, Jumapili sionekani. Jumatano sikosi. Siku ya kwanza hawakuniuliza dini. Waliniuliza kama nakula bamia.

Nimehesabu watu thelathini na wanane. Madirisha wazi yote, kwa sababu ya mvuke wa masufuria. Saa saba na dakika tano injini mbili za jirani zikawaka. Dakika thelathini na tano. Moshi uliingia wa kijivu, wa chini, ukanyoosha mkono mpaka meza ya tatu. Bi Tabu, mmoja wa wazee, akafunika sahani yake kwa kisahani. Wote wakafunika. Maongezi hayakukatika.

Nami nilifunika. Nimekuwa nikifunika kwa miaka miwili bila kujiuliza kitu. Mwandishi wa habari. Aibu.

Ombi linasema majaribio hufanyika Jumapili saa nne asubuhi, injini moja moja, majirani wakiwa hawapo.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi niliandika aya tatu kwamba kampuni imeiongopea mamlaka ya mazingira. Aya tamu. Mchana nikaenda kuzihakikisha. Zikafa.

Fundi wa zile injini anaitwa Katana, Mkenya wa Kilifi, miaka hamsini hivi, mikono safi kwa mtu wa dizeli. Tuliongea kwenye uzio. Nilimuuliza nani alimwambia azijaribu Jumatano.

"Mchungaji wenu."

"Mchungaji Luvanda?"

"Huyo huyo. Alikuja na chapati kumi, zimefungwa kwa taulo. Zilikuwa moto bado. Wewe ungemkatalia?"

Kisa chote ni hicho. Miaka miwili iliyopita injini ziliwaka Jumapili katikati ya mahubiri. Mchungaji akazunguka uzio akaomba wahamishe siku. Katana, naye mtu wa kanisa, akamuuliza siku gani hawana ibada. Mchungaji akajibu Jumatano. Kweli, Jumatano hawana ibada. Kula hakukumjia akilini. Chakula cha wazee hakikuhesabiwa kuwa ni shughuli. Wakapeana mikono, hakuna karatasi. Na kwa kuwa wazee hawasemi kitu wakipewa chakula, hakuna aliyelalamika.

Katana huandika daftari la injini kwa wino: siku, saa, dakika. Jumatano, Jumatano, Jumatano. Walioandaa ombi hawakulifungua. Walinakili ratiba ya zamani.

"Mimi naandika nilichofanya," alisema. "Mkaguzi akija atasoma. Sina la kuficha, labda zile chapati."

Nimefuta neno "uongo". Lilikuwa limekaa vizuri, lakini si kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Nilipiga simu kaunsili, halmashauri ya mtaa. Matumizi yaliyoidhinishwa ya jengo namba 6: kuhifadhi bidhaa. Hakuna idhini ya mkusanyiko wa watu. Haijawahi kuombwa. Karani akauliza kwa nini nauliza. Nikasema huwa nauliza kuhusu majengo mengi. Ni kweli.

Basi mambo ni hivi. Wakitaka kuhesabiwa kwenye ramani ya moshi, lazima waseme wapo. Wakisema wapo, kaunsili itasikia, na inaweza kuwafungia. Wakinyamaza, injini sita zitapata kibali kana kwamba mita kumi na nane kutoka hapo kuna maboksi.

Mhariri wangu, Fiona, anaitaka habari toleo la Ijumaa ijayo. Nimemwambia ataipata. Sikumwambia zaidi.

Samaki wa kukaanga, mchicha. Nimekula vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Nilimsubiri Mchungaji Luvanda mpaka ibada ikaisha. Ni mtu wa Iringa, mrefu, wiki nzima anaendesha basi. Nilimweleza yote akiwa amesimama. Nilipofika kwenye chapati akaketi.

"Dada Zuhura, mimi nilifanya wema."

"Najua. Umo kwenye habari kama mtu aliyefanya wema."

"Basi usiiandike."

Kanisa limehama mara tatu. Peckham, kusini mwa London, waliondolewa, darasa la shule likauzwa, ukumbi wa juu ya duka ukavuja. Hapa wana miaka tisa. Alisema kutoonekana ndiyo kuta zao. Alisema wazee wengine hawatoki nyumbani siku yoyote ila Jumatano, na akitokea afisa akabandika karatasi mlangoni, hawatatoka tena. Aliyasema bila kupandisha sauti. Ningependelea angefoka.

Nilimwambia sitaiandika kabla hawajaamua la kufanya wao wenyewe. Nikamwambia pia kwamba Alhamisi jioni gazeti linakwenda kiwandani, na siwezi kuandika kwamba ghala ni tupu wakati nimeshika kijiko ndani yake.

"Kwa hiyo unatupa siku tatu," alisema.

"Nne."

Hakucheka. Nilitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda basi. Nililala vizuri. Hilo nalo limenikera.

Jumatano, 14 Mei

Leo hakuna aliyenipakulia. Nilipakua mwenyewe. Wali, maharage ya nazi, kachumbari. Habari ilishasambaa, na nimekuwa mtu wa kuhamishiwa kiti kidogo pembeni.

Injini saa saba na dakika sita. Visahani juu ya sahani.

Zilipozima, Mchungaji akasimama akawaeleza. Alieleza kwa haki, hata upande wangu. Akamalizia kwamba yeye angeshauri wakae kimya, wamwombe Katana ahamie Jumanne.

Mzee mmoja akasema Jumanne ni sawa. Kiongozi wa kwaya, Mama Glory, akasema kwaya ya Jumanne je? Mwingine akataja Alhamisi. Ikawa mnada wa siku.

Bi Tabu akagonga meza kwa kijiko. Ana miaka sabini na minne, Mnyakyusa, ameosha wagonjwa wa hospitali za London miaka thelathini na kifua chake sasa kinapiga filimbi akipanda ngazi.

"Mchungaji, zikija zile nne mpya zitakuwa ngapi?"

"Sita, mama."

"Na umeme ukikatika kweli, zitauliza leo siku gani?"

Akaweka kijiko chini, akaendelea.

"Mimi nilipoingia nchi hii nilijificha miaka minne. Sikufungua pazia. Nimemaliza kujificha. Andikeni barua mseme tupo. Wakitufukuza watufukuze kama watu. Kama maboksi mimi sitaki."

"Bi Tabu, tukikosa ukumbi utakula wapi?" akauliza Mchungaji.

"Kwako. Una sebule kubwa, nimeiona."

Hapo walicheka, hata Mchungaji, ingawa kicheko chake kilichelewa. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ishirini na watano kwa barua, tisa hapana, wengine walikuwa jikoni. Sikunyoosha. Mwandishi hapigi kura. Nilitaka.

Mchungaji amesema barua mbili zitakwenda pamoja: moja kwa mamlaka ya mazingira kuhusu moshi, nyingine kaunsili kuomba idhini ya jengo. Asikamatwe, ajilete mwenyewe. Akili nzuri. Lakini aliukunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena.

Ijumaa, 16 Mei

Habari imetoka. Ukurasa wa tano, maneno mia sita. Ramani, umbali, daftari la Katana, watu thelathini na wanane. Chapati zimo. Fiona alitaka kichwa chenye neno "kashfa". Nilikataa, tukaelewana. Kampuni imejibu kwa heshima: ratiba ilinakiliwa kimakosa, watarekebisha.

Mama Glory alinipita sokoni bila salamu. Nimenunua maembe mawili. Moja bovu.

Jumatatu, 19 Mei

Maoni yamefungwa. Barua imepokelewa, Mchungaji amenionyesha uthibitisho kwenye simu yake. Alikuwa amevaa sare ya basi, dakika kumi za mapumziko. Alinipa nusu ya andazi.

Jumanne, 10 Juni

Mamlaka imerudisha ombi. Kampuni ipige upya hesabu ya moshi, ukumbi ukiwemo, na kwa siku halisi za majaribio. Mistari minne tu ya kiofisi. Nimeisoma mara mbili, kwa raha.

Kaunsili bado kimya. Hilo ndilo linalonipunguzia raha. Moshi ukipungua na ukumbi ukifungwa, nitakuwa nimewasafishia hewa watu wasiokuwepo. Nimelifikiria hilo nikipiga pasi. Habari ile ningeiandika tena vilevile, na hilo si jibu.

Alhamisi, 17 Julai

Afisa wa kaunsili amefika ukumbini. Joto kali. Mchungaji alivaa suti ya harusi na kitambaa cha jasho mkononi. Nilikaa nyuma, bila kuuliza kitu.

Afisa alipima milango, akahesabu vyoo, akapiga picha paa. Akauliza wanakutana siku ngapi. Mchungaji akajibu zote, moja moja, kwaya, maombi, mazishi, chakula. Hakuficha hata moja. Orodha ilikuwa ndefu nami nikaona kalamu ya afisa inachoka.

Akauliza kama wana mahali pengine pa kwenda.

"Hatuna," alisema Mchungaji.

Afisa akaandika. Bi Tabu akamletea maji, akasimama hapo hapo mpaka akayamaliza. Kisha akamuuliza kama anakula bamia. Alisema hajui. Amekula. Aliomba kufungashiwa.

Haimaanishi kitu. Nimewahi kuona maafisa wakila na wakafunga. Lakini nimeiandika.

Jumanne, 16 Septemba

Kibali cha injini kimetoka, chenye masharti. Mabomba ya moshi yapande juu ya paa la ukumbi. Majaribio alfajiri ya Jumamosi, moja moja. Katana anasema yeye alfajiri ya Jumamosi alikuwa akilala, lakini basi.

Kaunsili kimya. Mchungaji ameacha kuuliza. Anafagia tu.

Jumatano, 24 Septemba

Barua ya kaunsili ilifika asubuhi. Mchungaji hakuifungua mpaka tulipokaa wote. Idhini ya miaka mitano. Aliisoma mpaka mwisho kwa sauti ile ile ya kutangaza vituo vya basi, kisha akaikunja, akasema chakula kinapoa.

Mama Glory alinipakulia. Alijaza mno, sikulalamika.

Madirisha yalikuwa wazi. Mvua nyepesi, harufu ya lami na kitunguu. Wamebishana kuhusu chumvi kwa nusu saa.

Sharti mojawapo ni kitabu cha wageni, pale mlangoni, kila anayeingia ajiandikishe. Kipya, kalamu imefungwa kwa uzi. Bi Tabu anakilinda. Hakuna anayepita. Nilipotoka aliniita nirudi, nilikuwa sijaandika.

Jina. Saa ya kuingia. Safu ya mwisho: sababu ya kuja.

Nimesimama pale kidogo na kalamu. Nikaandika: kula.