Mtu Hazai Mara Mbili kwa Siku

Jumatatu, 4 Machi

Chai, andazi moja, nikaendelea pale nilipokwama Ijumaa. Wiki ya tatu sasa na lugha hii mpya ya kompyuta. Nilitaka kuhesabu watoto. Kuhesabu tu! Nikaandika kama nilivyozoea miaka sita kule Mombasa, kabla sijavuka mpaka kuja Buganda: idadi ni sawa na idadi ongeza moja. Mashine haikukataa. Ilinyamaza. Feni ikaanza kuvuma, dakika kumi nzima, jibu hakuna.

Kizito, mwenye ofisi, akaja kuchungulia, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe humu jina likishapewa thamani halibadiliki. Mashine ilikuwa inatafuta namba ambayo ukiiongeza moja inabaki ileile. Haipo. Ingetafuta mpaka kiyama.

"Hapana badilisha kitu," akaniambia. "Wewe tengeneza ingine."

Anaipenda lugha hii kama mchumba. Anasema fanksheni yake, kile kipande cha programu chenye kazi moja, ukiipa kitu kilekile inatoa jibu lilelile, leo, kesho, mwaka ujao. Haikumbuki ya jana, haina kinyongo. Kwa mambo ya watoto, anasema, hataki lugha yenye kinyongo.

Kazi yenyewe ni ya zahanati moja huko Mengo. Kila mtoto ana siku yake ya chanjo, na programu imtumie mama ujumbe. Hadi leo kazi hiyo inafanywa na muuguzi mmoja, sista, na kitabu kikubwa. Tarehe mosi Aprili kitabu kinafungwa. Baada ya hapo, mtoto ambaye hayumo kwenye mashine hakuna wa kumwita. Kizito alilisema hilo huku ananitazama usoni. Naogopa, na sina wa kumwambia kwamba naogopa.

Jumatano, 6 Machi

Kutoka ofisini Kabalagala mpaka Mengo kwa boda, vumbi mpaka kwenye meno. Nimechukua data.

Sista ni mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Anaitwa Nalongo. Daktari anamwita Nalongo, mfagiaji anamwita Nalongo, basi na mimi nikamwita Sista Nalongo. Kiswahili anakijua, kile cha kambini. Marehemu mumewe alikuwa askari, waliingia mjini baada ya vita. Mimi ananiita nyabo, yaani bibie, mara nyingine Mkenya.

Kitabu chake kisafi. Ila orodha iliyochapwa na karani wao ni balaa. Mtoto anazaliwa hana jina, anaandikwa "Mtoto wa Nakimuli". Akipata jina anaandikwa tena upya. Huyu Zulaika, yule Zuraika, ni mtoto mmoja. Kalema na Karema, mtoto mmoja. Na upande wa akina mama kila ukurasa kuna Nalongo. Nalongo Hadija, Nalongo Robina, Nalongo tupu. Ukoo mkubwa ajabu. Pengine ndugu zake sista. Sikuuliza.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Ofisi imefungwa. Nimefua. Nimelala mchana nikaota mabano yasiyofungwa.

Jumatatu, 11 Machi

Leo kidogo mwanga. Humu hakuna kupitia mtoto mmoja baada ya mwingine. Unasema mtoto mmoja afanywe nini, halafu unaikabidhi orodha nzima. Kama mama anavyosema kila mmoja anawe mikono, hamtaji mtu. Nilifurahi kama robo saa hivi.

Halafu tarehe. Fanksheni haijui leo ni siku gani! Lazima uiambie kutoka nje. Mjinga wa aina gani huyu, hajui hata leo? Kizito anasema huo si ujinga, ni uaminifu. Haya.

Jumanne, 12 Machi

Kuondoa watoto walioandikwa mara mbili. Hapa lugha imenishangaza tena: haijui watoto wawili ni sawa wakati gani. Lazima wewe uiambie, kwa mkono wako, sawa maana yake nini.

Majina siyaamini, nimeshaona ya Zuraika. Nimechukua simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa. Vikilingana vyote viwili, ni mtoto mmoja, abaki wa kwanza. Mtu hazai mara mbili kwa siku. Mstari mmoja, mfupi, mzuri. Nilijipongeza kwa soda.

Ijumaa, 15 Machi

Imekubali. Waliingia 431, wakatoka 396. Thelathini na watano walikuwa marudio. Kizito kaninunulia chapati ya mayai, akawaambia na watu wa baa ya chini kwamba Mkenya wake ameiva. Karani wa zahanati alidhani marudio hayafiki thelathini. Karani huyohuyo aliyeandika Zuraika. Nikampuuza.

Jumanne, 19 Machi

Wiki ya majaribio. Ujumbe wa Alhamisi, siku ya chanjo, umetoka kwenye mashine, sista bado anashika kitabu. Mashine inampa sista idadi tu, ajue atoe dawa kiasi gani kwenye friji.

Amepiga simu saa nne. Kitabu chasema Alhamisi ni kumi na nne. Mashine yasema kumi na tatu.

Nikaiendesha tena. Kumi na tatu. Nikazima kompyuta, nikawasha. Kumi na tatu. Nikafuta kila kitu nikajenga upya. Kumi na tatu. Kizito kanitazama kwa huruma. Hata mara mia, anasema, itakwambia hivyo. Lugha yangu ya zamani ningeisingizia kwamba imeshika kitu cha jana. Hii haishiki. Hakuna wa kumsingizia, na hilo linanitia hasira kuliko kosa lenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Nimeshuku tarehe. Nimeshuku namba za simu zinazokosekana. Nimeshuku mtandao. Nimepima fanksheni moja moja, kila moja nzima. Kama kila kipande ni kizima, kosa liko wapi? Sielewi. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Saa tisa nikaamua: kitabu ndicho kimekosea. Yule mama miwani yake imefungwa uzi. Nikampigia. Nikamwambia kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba kuna mtoto amemwandika mara mbili. Akasema sawa, nyabo, kuja kesho uangalie. Nilikata simu nikiwa sijisikii vizuri.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikwenda Mengo kushinda ubishi. Orodha imechapishwa, kalamu sikioni. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Sista anaita kutoka kitabuni, mimi natia alama kwenye karatasi yangu. Wanane wa mwanzo sawasawa.

Wa tisa akaja mama mmoja wa Nateete na mtoto mgongoni, Wasswa, chanjo ya wiki ya sita. Sista akautazama mgongo, akatazama na nyuma ya mama, akauliza kitu kwa Kiganda. Mama akatoa simu akamwonyesha ujumbe. Ujumbe wangu. Sista akanigeukia.

"Yeye nasema kompyuta imeita Wasswa peke yake. Basi Kato amebaki nyumbani na bibi."

Nikauliza Kato ni nani.

Benchi la mbele wakaangaliana. Sista akavua miwani, akanieleza polepole, kama anavyoeleza dozi. Huku Buganda mapacha hawachaguliwi majina. Wavulana, wa kwanza ni Wasswa na wa pili ni Kato. Wasichana, Babirye na Nakato. Ukimwona Wasswa, jua Kato yupo mahali. Na mama yao tangu siku hiyo anaitwa Nalongo, mama wa mapacha, mpaka anaingia kaburini.

"Mimi unaniita Nalongo wiki mbili sasa," akasema. "Ulifikiri ni jina ya baba yangu?"

Ndivyo nilivyofikiri. Ukoo mkubwa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mmoja, simu moja, tarehe moja. Mashine haikukosea hata chembe. Ilifanya nilivyosema: hawa ni sawa, abaki wa kwanza. Na si Kato peke yake. Kila Nalongo niliyemcheka kwenye orodha ile, nimemwondolea mtoto wa pili. Na kitabu kilikuwa kinafungwa baada ya siku kumi na moja.

Kinachonichanganya ni hiki. Mapacha nawajua. Nimesoma darasa moja na mapacha, nimekaa nao dawati moja, tumepigana. Najua vizuri kwamba mtu anaweza kuzaa wawili kwa siku. Sasa niliposema hawezi, aliyekuwa anasema ni nani?

Nimemwomba sista msamaha kwa ile simu ya jana. Akasema hebu nimpishe, watu wanasubiri.

Ijumaa, 22 Machi

Kato kaletwa na bibi yake saa tatu. Sista alikataa kungoja Alhamisi nyingine. Nilikuwepo. Alipochomwa alilia vizuri, kwa nguvu. Bibi akauliza mimi ni nani, sista akasema ni mtu wa kompyuta. Hakusema zaidi. Nilimshukuru moyoni.

Nimefuta ule mstari. Lakini niweke nini? Kwa simu na tarehe pekee, pacha na mtoto aliyeandikwa mara mbili hawatofautiani. Jina halina ushahidi: "Mtoto wa Robina" na "Mtoto wa Robina" wanaweza kuwa wawili, wanaweza kuwa mmoja. Nimezunguka hapo mpaka saa saba, kichwa kimejaa pamba.

Kizito akasema kwa nini nalazimisha majibu mawili. Nikaandika matatu. Sawa. Si sawa. Muulize Sista.

Na hapo mashine ikalipuka kwa rangi nyekundu. Sehemu kumi na tisa! Kila mahali nilipotegemea majibu mawili inauliza, na la tatu je? Mwezi uliopita ningeitukana. Leo nimezipitia moja moja bila hata kunung'unika, maana kila moja ni shimo ambalo mtoto angetumbukia.

Jumanne, 26 Machi

Sista kamaliza. Jozi thelathini na tano, kalamu nyekundu, kitabu magotini. Ishirini na nne ni marudio kweli. Kumi na moja ni mapacha. Watoto kumi na mmoja nimewafuta kwa mstari mmoja, nikanywa na soda juu yake.

Watoto wapo sasa 407. Kizito hakunigombeza. Kakubali kitabu kisifungwe, kikae pembeni ya mashine mpaka sista mwenyewe aseme. Heri angenigombeza.

Akina mama kumi tumewapata, wengine kwa simu, wengine kwa jirani. Watoto wazima wote, waliochelewa wataletwa wiki hii. Amebaki mmoja tu, Nalongo Hadija, Babirye na Nakato. Simu imezimwa. Kitabu kinaonyesha Kibuli, chini ya msikiti. Mimi nakaa Kibuli. Nimesema nitakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 30 Machi

Nimempata kwa kuuliza. Chumba kimoja, mkeka, maji kwenye ndoo, mtoto mmoja anaota jua mlangoni. Mama ni mdogo kuliko mimi. Kiswahili anacho, anauza vitambaa na Wakenya. Simu ilianguka kwenye maji, amenipa namba mpya. Babirye huyu hapa, mnene. Nikauliza Nakato yuko wapi.

Akasema Nakato aliruka.

Nikamuuliza aliruka kutoka wapi.

Nimeliandika ili nisijidanganye baadaye kwamba sikulisema. Hakukasirika. Akaniambia pacha hafi. Huku hawasemi amekufa, wanasema ameruka. Ilikuwa Januari, wiki ya tatu, homa ya siku mbili.

Nikahesabu haraka kichwani: Januari. Kabla ya programu, kabla hata sijavuka mpaka. Si mimi. Nikashusha pumzi, na nikaona aibu mle mle ndani ya pumzi, mbele ya mama wa watu.

Akauliza nimekuja kwa ajili gani. Nikamwambia ukweli. Kwamba Nakato alikuwa kwenye orodha, nikamwondoa kwa kosa, sista akamrudisha, na nimekuja kujua kama abaki au atoke. Alimpakata Babirye, akamfuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Mwache hapo," akasema. "Ila msimwite."

Nimerudi kwa miguu. Sikupika.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini viatu vimelowa.

Nimeongeza kitu kimoja: mtoto anaweza kuwepo bila kuwa na siku. Mashine haikulalamika sana, sehemu nne tu.

Jumla 407. Wa kuitwa 406. Kizito kaona hazilingani, akavuta kiti tutafute kosa. Nikamwambia kosa hakuna, nikamweleza. Akarudisha kiti mahali pake, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Ujumbe wa kwanza wa leo umetoka saa tatu. Umekwenda kwenye namba mpya: Nalongo Hadija, mlete Babirye Alhamisi.