Nani Aliirudisha Gemu ya Dada?

Mshauri mpendwa, nimekwama na mtu wa kumwambia sina, ndiyo maana nimekukimbilia. Mimi ni fundi wa majokofu, na tangu nina miaka kumi nimebeba uongo mmoja ambao sasa umeota pembe. Nyumbani tulikuwa na kaseti ya gemu, zile za kuchomeka kwenye mashine na kuchezea kwenye tivii, na dada yangu mkubwa alikuwa amecheza likizo nzima mpaka hatua ya mwisho kwa jina la “Kidoti”, siku moja nikataka kuanza ya kwangu, nikabonyeza nisichokijua, yake ikafutika yote, na dada alipouliza nikasema ni binamu, mtoto wa shangazi, aliyekuja kututembelea. Dada alilia, akamtupia ile kaseti: “Ichukue, na usirudi tena hapa!” Binamu alinitazama tu, akaondoka nayo, na kweli hakurudi, mpaka leo wakikutana wanasalimiana kama watu wa kwenye foleni.

Juzi shangazi kahama nyumba, akaikuta kaseti kabatini, akampelekea dada, naye akaniletea karakanani: “Betri ya humu, inayotunza mchezo uliohifadhiwa, itakufa wakati wowote. Yangu ilishafutwa, lakini wanangu waone basi chochote kilichobaki humu. Na usinitajie bei!” Kununua vifaa siwezi, nikaazima kisomeo cha kaseti kwa fundi redio wa jirani, nikakiunganisha na kompyuta, nikatoa nakala, nikaifungua. Mshauri, Kidoti yupo! Hatua ya mwisho, saa sitini na mbili za kucheza! Niliifuta kwa kidole changu mwenyewe, sasa nani aliirudisha? Nimpe dada nakala ninyamaze, au niseme yote nionekane mwongo mbele ya wapwa zangu?

Fundi Baridi

*

Fundi Baridi, jibu unalo, unachotafuta kwangu ni mtu wa kukuambia ulimeze. Simo. Mtoto wa miaka kumi namsamehe, aliogopa. Wewe mwenye karakana na ndevu bado sijakusamehe.

Kwanza kazi. Betri usiiguse, maana ukiitoa sasa kila kitu kinaondoka nayo. Safisha meno ya kaseti, yale ya shaba yanayoingia kwenye mashine, kwa pamba na spiriti, uisome tena. Nakala mbili zikifanana, moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi. Hapo ndipo uweke betri mpya, ile yenye masikio ya kulehemu, kisha uirudishie kaseti data yake. Kifaa cha kuazima kinatosha, usijiingize kwenye gharama.

Sasa utu. Dada asiione nakala hiyo kabla hujafika kwa binamu. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Sema, “Mimi ndiye niliyefuta,” na ukome hapo, neno “lakini” liache nyumbani. Kisha muulize ilikuwaje, maana hata mimi nimeshindwa kutulia. Mkitoka hapo, nendeni wote wawili kwa dada.

*

Ameniandikia tena, naye karuhusu niyaweke hapa:

Mshauri, nilimkuta binamu anapaka rangi mlango wa mteja. Nikasema kama ulivyonifundisha. Akaweka brashi chini.

“Nilijua ni wewe siku ile ile.”

“Mbona hukusema?”

“Nani angeniamini, wakati ulikuwa unalia kuliko dada yako?”

Nikamuuliza kuhusu Kidoti. Akacheka kwa aibu. “Nilidhani nikiirudisha nitaruhusiwa kuja tena. Nikaicheza upya kwa jina lake, ikanichukua likizo mbili. Nilipofika pale alipokuwa amefika, nikaona haya kuileta.”

Jumamosi tulikwenda kwa dada na kaseti yenye betri mpya. Nilieleza yote, wapwa zangu wamekodoa macho. Dada akavuta kiti kando yake, akamkalisha binamu na kumpa padi ya kuchezea. “Hatua ya mwisho tuimalize pamoja,” akamwambia.

Mimi nilipotafuta pa kukaa, akanyoosha kidole bila kugeuka. “Wewe simama hapo hapo.”

Nilisimama mpaka walipomaliza.