Vichupa Kumi na Viwili vya Kihurio

Same,
9 Februari 1972

Shangazi yangu mpendwa Yudith,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi usome barua hii peke yako. Neno lake lolote lisifike kwa majirani wala kwa mchungaji, na ukimaliza uitie motoni. Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti. Natumaini goti limepungua kuuma na mizinga yako ina nyuki.

Mwezi uliopita Bwana Novatus, mkuu wa kituo chetu cha kilimo, alitaka maji ya mfereji wa Kihurio yapimwe, kwa hofu kwamba dawa ya kunyunyizia pamba imeingia humo. Maji hutikiswa pamoja na kimiminika cha jamii ya petroli, ambacho huvuta sumu yote. Kimiminika hicho ndicho hutiwa katika vichupa kwenda maabara, Arusha. Huko kuna mashine inayotenganisha vilivyomo katika tone moja na kukichora kila kimoja kama kilima juu ya karatasi.

Mimi karani nilitumwa stoo kuchagua vichupa. Kulikuwa na vya kahawia vyenye vifuniko vya kuzungusha, na vyeupe vyenye vizibo vya mpira. Nikachukua vyeupe kwa kuwa vilionekana safi zaidi. Vizibo vilikuwa vimekauka, nikaogopa vitavuja njiani, nikaviziba kwa nta uliyonipa Krismasi, kama tunavyoziba mitungi ya asali nyumbani. Nilijiona hodari.

Majibu yamekuja. Vichupa vyote kumi na viwili vina kilima kikubwa kisichojulikana, hata kile cha maji ya chemchemi, juu kabisa ya mashamba ya pamba. Leo Bwana Novatus amefunga mfereji. Miche ya mpunga iko kitaluni, tayari kupandikizwa. Isipopata maji kabla ya mwisho wa mwezi, msimu wa Kihurio umekwenda.

Shangazi, je, nta inaweza kuingia katika petroli? Habari za nta hakuna anayezijua ila mimi. Nikisema, nitafukuzwa.

Mwanao,
Aminieli


Vudee,
14 Februari 1972

Mwanangu Aminieli,

Marahaba. Goti linauma kama kawaida yake, nyuki hawajambo, mahindi ya vuli tumeyaingiza ndani.

Umesoma miaka kumi na miwili halafu unaniuliza mimi habari ya nta? Ulipokuwa mdogo ulijipaka hiyo nta mpaka kwenye nywele. Maji yalishindwa. Nikachukua mafuta ya taa, ikatoka yote, ukanuka kama koroboi Jumapili nzima kanisani. Petroli na mafuta ya taa ni ndugu.

Pombe ya dengelua ikiharibika, hapa watu hunusa kibuyu kwanza kabla ya kuulaumu muwa. (Hilo nalo usimwambie mchungaji kwamba nalijua.)

Barua nimeichoma. Siri naweza kukutunzia. Miche ya watu siwezi. Nenda kwa Bwana Novatus na kipande cha nta na petroli kidogo, aone kwa macho yake. Akikufukuza, njoo, kuna maharage ya kupalilia.

Shangazi yako,
Yudith


Kihurio,
6 Machi 1972

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hali yangu ni njema, na sasa nakula vizuri. Nisamehe kwa kimya kirefu.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku nne. Kila nikifika mlango wa Bwana Novatus, nakumbuka kazi nyingine. Siku ya tano akaja mkulima mmoja wa huku, Mama Mwanamkasi, akaweka fungu la miche ya njano juu ya meza yangu.

“Karani, wewe umesoma,” alisema. “Nisomee hii.”

Nikainuka, nikaenda. Nilidondosha nta katika petroli mbele ya Bwana Novatus, naye akaitazama ikilainika na kupotea. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema shangazi yangu.

“Basi huyo ndiye tungemwajiri.”

Akanirudisha stoo kuchagua upya, safari hii nikitoa sababu ya kila ninachokiacha. Niliacha mpira, kwa kuwa petroli huula, na plastiki vilevile. Nikachukua kioo cha kahawia, kwa kuwa mwanga huharibu baadhi ya dawa, chenye kifuniko kilichotandazwa ndani utando mweupe unaoteleza, usioyeyushwa na kitu. Kichupa cha kwanza tukatia kimiminika kitupu, ili kichupa chenyewe kipimwe kabla ya maji ya watu. Bwana Novatus alivipeleka Arusha mwenyewe. Karatasi ya kichupa kile ilikuwa tambarare. Ya Kihurio ilikuwa na kichuguu tu, maji yanafaa. Tarehe 27 mfereji ukafunguliwa.

Nilipewa barua ya onyo, tena nikaamriwa kuja kuwaeleza wakulima mwenyewe. Niliwaeleza habari yote ya nta. Mama Mwanamkasi akasema, “Umetukausha siku kumi na tisa, utapanda siku kumi na tisa.” Watu wakacheka, nami nikacheka nikidhani ni utani. Asubuhi akanigongea mlango. Bwana Novatus ameafiki.

Nipo hapa mpaka tarehe 17, kwa hiyo usitumie sanduku la ofisi. Barua mpe Sefu, dereva wa lori linaloteremka Jumanne. Aiache kwa Mama Mwanamkasi, nyumba ya pili baada ya kivuko cha mfereji. Akikuta pamefungwa, ashuke shamba la kijiji, atafute mstari wa mpunga uliopinda kuliko yote, aufuate. Mwisho wake nipo mimi.

Mwanao,
Aminieli