Fundo Alilofunga Wifi

Alhamisi, kiangazi. Upepo umevuma tangu asubuhi, hata uji una mchanga.

Daftari langu, leo siandiki mazoezi ya mwalimu. Kuna jambo linanifuata kila niendako, hata nikiinama kuchota maji.

Wiki iliyopita tulikuwa shamba la kijiji, tunapura uwele. Wifi Monika, dada wa mume wangu, ndiye aliyenifungia Neema mgongoni. Baadaye nikasikia mtoto anateremka, nikalegeza khanga nimkaze upya, kama tunavyofanya sote.

Mkono wangu wa kulia ukafa.

Haukuuma. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Khanga ikaniponyoka, Neema akaanguka kwa kichwa.

Mama mkwe akaja mbio. "Nani kamfunga huyu mtoto?"

Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, hayakutoka.

"Si Monika huyo!" akadakia mama mmoja. "Hajazaa, atajulia wapi kufunga mtoto?"

Wakacheka. Wifi akainama, akaendelea kuokota masuke.

Kabla hatujamaliza kupura lile fungu, mkono ulirudi, na maneno yakarudi. Nikawa naweza kusema.

Sikusema.

Tangu hapo wifi hamgusi Neema. Naye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua.

Juzi, kwenye darasa la watu wazima, penseli ilinianguka vilevile. "Mama Neema, umelala?" mwalimu akanitania. Nikataka kucheka, ukacheka upande mmoja tu wa mdomo. Kisha ikapita.

Leo nimempeleka Neema zahanati, maana uvimbe wa kichwani haujaisha. Mbele yangu palikuwa na mzee aliyeletwa kwenye kitanda cha kamba, mkono umelala, mate yanamtoka. Mkewe akaeleza kwamba mkono ulianza kulegea mwezi uliopita. Wakamchanja chale, ukarudi, wakajua dawa imefaa.

"Ungerudi hata bila chale, mama," daktari akamwambia taratibu. "Kiharusi ndicho hicho, kilikuwa kinapita tu. Mngemleta siku ile ile, hata kama ameshapata nafuu, ningempima presha, ningemsikiliza moyo, tungempeleka hospitali ya mjini mapema."

Nikauficha mkono wa kulia ndani ya khanga. Zamu yangu ikafika.

"Mtoto ameanguka vipi?"

"Fundo lilifunguka."

Ndivyo nilivyojibu, daftari langu. Mbele ya mtu ambaye angenisaidia. Akamkagua Neema, akasema hana neno, nikaondoka. Njia nzima nilimshika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nautazama kama mbwa nisiyemjua.

Nyumbani nimemkuta wifi anatwanga. Nimemwambia yote. Mchi ukabaki ndani ya kinu.

"Kumbe ulinyamaza kwa kushindwa."

"Siku ile nilishindwa, wifi. Siku zilizofuata nilinyamaza tu."

Alitwanga tena, muda mrefu, mpaka unga ukawa laini kama vumbi. Kisha akajifuta mikono, akamchukua Neema, akamfunga mgongoni kwake. Fundo alilivuta mara mbili.

"Kesho asubuhi twende zahanati. Mtoto nabeba mimi. Na mama utamwambia wewe mwenyewe, wala usinitume mimi."

Nitamwambia mama mkwe akirudi kutoka kisimani. Jua bado liko juu, namsubiri.

Naogopa. Neema ana meno mawili tu. Nataka nimsuke nywele zikikua, nimshike kidole aandike jina lake, asiishie darasa la tatu kama mimi. Huenda tumewahi. Yule mzee hakuwahi, mimi huenda nimewahi.

Nimeandika polepole, kwa herufi kubwa, mkono ungali wangu. Mdomo ukinigomea tena kesho, daktari, wifi atakupa daftari hili. Yeye hajui kusoma, ila ukurasa nimemkunjia.

Anzia pale nilipoandika kwamba mkono wangu wa kulia ukafa.